Eti rivolva haikwami? Jibu kwa mfanyabiashara wa Moshi

Swali limetoka kwa kijana wa Moshi anayefanya biashara ya mahindi. Nalifupisha:

"Shikamoo fundi. Nanunua mahindi Himo na kuyashusha Arusha, na siku za mauzo narudi nyumbani na hela taslimu. Nina leseni na bastola ya magazini, milimita 9, naivaa kiunoni chini ya shati. Juzi uwanja wa shabaha ilikwama mara mbili mfululizo. Mjomba wangu, askari mstaafu, anasema niachane nayo nichukue rivolva kwa kuwa rivolva haikwami. Kuna mzee wa Machame anauza yake ya .38, ya zamani lakini inang'aa sana. Kwa mtu anayetembea nayo kila siku, ni kweli rivolva inaaminika zaidi? Niichukue?"

Marahaba. Ya mzee usiichukue kabla hujafika mwisho wa jibu hili, na ya kwako usiiuze. Mjomba wako kakwambia kweli, ila kaishia nusu.

Tumpe kwanza haki yake. Kwenye bastola ya magazini, risasi inayofyatuka ndiyo inayomleta mwenzake. Nguvu yake inarudisha nyuma slaidi, yaani kile kifuniko cha chuma cha juu kinachotelezeka, ganda linarushwa nje, spiringi inairudisha slaidi mbele, na slaidi njiani inachota risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba, tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Hatua moja ikiyumba, kazi yote imesimama. Rivolva haimtegemei yeyote kati ya hao. Kidole chako ndicho kinachozungusha silinda, ile ngoma yenye matundu ya risasi, na kuinua nyundo. Fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia baruti kitakoni mwa risasi, ikigoma kuwaka, unavuta triga tena na tundu jingine linakuja lenyewe, huhitaji mkono wa pili wala kufikiri. Hakuna midomo ya magazini ya kupinda. Hakuna slaidi ya kunasa kwenye shati. Mkono ukilegea kwa hofu, silinda haina habari. Hata mkisukumana kifua kwa kifua na mdomo wa silaha ukabanwa, rivolva haijali, wakati slaidi ya bastola nyingi ikisukumwa nyuma kidogo tu haifyatui.

Kuna jingine ambalo mjomba huenda hakulitaja: rivolva inavumilia kukaa. Ikiwa na risasi zake, imefungiwa kwenye sefu miezi sita, spiringi kubwa ya nyundo imepumzika muda wote huo. Ndiyo maana wazee wengi waliokuwa na mashamba huku kwetu walizipenda. Unaisahau, ukiikumbuka ipo.

Lakini wewe huiweki kwenye sefu miezi sita. Unaivaa, unatoka jasho nayo, unapanda nayo bodaboda kwenye vumbi, unalala unaamka unaivaa tena. Hapo hesabu inabadilika.

Fungua bamba la ubavuni la rivolva uone kilichomo. Kuna kidole cha chuma kinachosukuma silinda, kikomeo kinachoidaka ili tundu lisimame sawasawa na mtutu, kipande cha kuzuia nyundo, vispiringi, na kila kimoja kina zamu yake. Ndani ni saa, siyo nyundo na msumari kama watu wanavyodhani. Saa ikiingiwa uchafu haipungui mwendo kidogo kidogo kwa heshima yako. Inasimama.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Bastola ya magazini hukwama mara nyingi zaidi, ila kukwama kwake kwingi kunaondoka hapo hapo: unapiga kitako cha magazini, unavuta slaidi, unaendelea. Aliyefundishwa vizuri anafanya hivyo bila kutazama. Rivolva hukwama mara chache, lakini siku ikikwama, mara nyingi inataka meza, bisibisi na taa nzuri. Barabarani hapo Boma Ng'ombe saa moja usiku hakuna meza.

Ugonjwa ninaouona zaidi ni uchafu chini ya nyota. Nyota ni ile sahani yenye meno katikati ya silinda, inayoinuka na kusukuma maganda nje. Mtu anapiga shabaha, anafungua silinda, anasukuma fimbo ya kutolea maganda huku silaha imelala, na chembe za baruti isiyoungua zinadondokea chini ya nyota. Chembe zenyewe huzioni mpaka uinamie taa. Nyota ikirudi haikai mahali pake, silinda inasugua chuma cha nyuma, na triga iliyokuwa ikivutika kwa nguvu ya kilo tano inakuwa haivutiki kabisa. Dawa yake ni tabia: unapotoa maganda, elekeza mdomo wa mtutu juu, piga fimbo mara moja kwa nguvu, maganda yaanguke na uchafu wake. Kisha mswaki wa zamani chini ya nyota, bila mafuta. Ukitia mafuta hapo unawaandalia wageni wengine godoro.

Mteja mmoja wa Njiro aliniletea yake ya risasi tano, imejaa, na silinda haifunguki. Alikuwa ametembea nayo hivyo hivyo siku kadhaa. Kilichotokea ni kwamba ile fimbo ya kutolea maganda ilijifungua nyuzi chache, ikarefuka, ncha yake ikabana kikomeo cha mbele. Ilibidi nielekeze mdomo kwenye ndoo ya mchanga na kupenyeza kibati chembamba mbele ya fimbo nikibonyeza kikomeo, mpaka silinda ikaachia. Si kosa la mwenyewe peke yake. Smith & Wesson walikuwa wakikata nyuzi za fimbo hiyo kwa mwelekeo ambao mzunguko wa silinda unaweza kuilegeza, na karibu na mwaka 1960 wakaugeuza ili silinda ikizunguka iikaze. Kwa hiyo yenye umri wa babu yako uikague fimbo kila unapoisafisha.

Yapo mengine nayapitia haraka. Rivolva nyepesi sana, zile za aloi na titani, zinapiga teke kali kiasi kwamba vichwa vya risasi zilizobaki vinaweza kuanza kuchomoka kwenye maganda. Kimoja kikichungulia mbele ya silinda, silinda inagonga fremu na haizunguki. Kwa silaha nyepesi chagua risasi ambazo ganda limeminywa vizuri kwenye kichwa. Skrubu ya spiringi ya nyundo, iliyo mbele ya mpini, ikilegea au mtu akiilegeza makusudi ili triga iwe laini, nyundo inapiga fataki kinyonge na risasi haiwaki. Na mafuta: jamani, punguzeni mafuta. Mafuta ya kupuliza yanapenya kwenye fataki na kuiua polepole. Mtu anajaza silinda, anapuliza silaha nzima ing'ae, anairudisha kiunoni, anaamini amefanya matunzo.

Sasa bastola yako. Hukunieleza ilikwama vipi, na hilo ndilo swali la kwanza kwa fundi yeyote. Kama ganda lilisimama wima kwenye dirisha la slaidi, naanza na mkono wako: uliishika kwa kulegea, au umeacha mkono ukarudi nyuma pamoja na slaidi. Kama risasi mpya iligonga chini ya mlango wa chemba ikabaki imeinama, naanza na magazini. Itazame midomo yake kwa juu, ilinganishe na ya pili kama unayo. Magazini iliyoanguka kwenye sakafu ya zege mara moja tu inaweza kupinda kiasi ambacho jicho halioni lakini risasi inakiona. Na kwa kuwa ilikwama mara mbili mfululizo, na kama magazini ilikuwa ile ile, mimi nisingeuza silaha ya mamilioni kabla ya kununua magazini mpya.

Kuna vumbi pia. Bastola inayovaliwa chini ya shati hukusanya nyuzi za nguo, jasho na vumbi la barabara, vinachanganyika na grisi nyeusi kwenye reli za slaidi. Ifungue, ifute kavu, tia tone moja kila reli, basi.

Tuje kwa mzee wa Machame, maana hapa ndipo ninapoona hatari yenyewe.

Umesema ni ya .38, ya zamani, inang'aa. Kung'aa kwa silaha ya umri huo si dalili ya uzima. Mara nyingi ni dalili ya msasa. Lakini tuache. Swali ni .38 ipi? Huku kwetu zilibaki rivolva za enzi za Waingereza: Webley, Enfield No. 2 iliyoanza kutumika mwaka 1932, na zile Smith & Wesson zilizotengenezwa kwa wingi wakati wa Vita ya Pili ya Dunia zinazoitwa Victory. Zile zilizotengenezewa jeshi la Uingereza zilitumia risasi waliyoiita .38/200, ambayo kwa jina la Wamarekani ni .38 S&W. Risasi utakayoiona ikiuzwa kwenye maduka leo ni .38 Special. Hizi mbili si ndugu, zimefanana jina tu.

Ganda la .38 S&W ni fupi, kama milimita 19.7, na ni nene kidogo. La .38 Special lina milimita 29 na ushee na ni jembamba. Kwenye tundu la asili la .38/200, Special haiingii mpaka mwisho kwa sababu ya urefu wake. Ingekuwa hivyo siku zote tungekuwa salama. Shida ni kwamba baada ya vita Victory nyingi zilinunuliwa na wafanyabiashara wa silaha, wakatoboa matundu yakawa marefu ili yapokee Special, na wengi wakakata na mtutu. Tundu likawa refu lakini upana wake wa nyuma ukabaki ule ule wa zamani. Ukipiga Special humo, ganda linavimba upande wa chini na mara nyingine linapasuka. Likivimba linakwama kwenye tundu, nyota haiwezi kulisukuma, na umebaki na silinda iliyojaa maganda matupu yasiyotoka. Ndiyo hiyo rivolva isiyokwama.

Kwa hiyo mwombe mzee akuoneshe maandishi kwenye mtutu na ganda lililowahi kupigwa ndani ya silaha hiyo. Ganda halidanganyi. Likiwa na tumbo, umepata jibu bila kulipa fundi. Na kama mtutu ni mfupi na kidoto cha kulengea mbele kinaonekana kimechomelewa, hapo mangi rudi zako Himo.

Kama ni Special ya kweli, bado kuna ya kukagua. Silaha iwe tupu, silinda imefunguliwa, matundu yote mmeyahesabu wewe na mzee kwa macho na kwa kidole, risasi ziwe chumba kingine. Kuna kipimo cha vibati vyembamba ambacho mafundi pikipiki hupimia nafasi ya valvu, wenyewe wanakiita fila. Pima nacho mwanya kati ya silinda na mtutu. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 ni pazuri, ikizidi 0.30, achana nayo. Kisha koki nyundo polepole sana, tundu moja baada ya jingine, ukigusa silinda kwa dole gumba bila kuizuia kwa nguvu. Kila mara lazima usikie kikomeo kimeingia kabla nyundo haijafika mwisho. Tundu moja tu likichelewa, maana yake risasi inaweza kupigwa kabla haijasimama sawa na mtutu, na vipande vya risasi vinaruka pembeni. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, mshukuru mzee kwa chai uondoke. Kama ni Webley au Enfield, zile zinazokatika katikati kufunguka, ifunge uitikise karibu na sikio. Bawaba iliyochoka inasema yenyewe.

La mwisho kuhusu umri wake, na kwa mtu wa bodaboda ndilo zito. Rivolva nyingi za zamani zikianguka na kutua kwenye nyundo zinaweza kufyatuka. Mwishoni mwa 1944 Smith & Wesson walibadilisha kizuizi cha nyundo kwenye Victory baada ya baharia mmoja wa Marekani kuuawa na rivolva iliyoanguka kwenye sitaha ya chuma. Zilizotangulia hazina kizuizi hicho kipya. Watu wa kale walijua, ndiyo maana waliacha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu. Ukifanya hivyo kwenye ya risasi sita, umebaki na tano.

Sasa tuseme umepata rivolva ya kisasa, nzima, Special halisi, ya kampuni inayoeleweka. Je, ni bora kuliko ya kwako kiunoni? Kwa mtu fulani, ndiyo. Mtu mzima mwenye mikono isiyoweza kuvuta slaidi, mtu asiyetaka kufanya mazoezi ya kukwamua, mtu anayeiweka mfukoni kwenye ala ya mfukoni: huyo nampa rivolva ndogo yenye nyundo iliyofichwa ndani, isiyonasa kwenye nguo, na nalala usingizi. Kwa wewe, sina hakika hiyo ndiyo dawa. Rivolva ndogo ya risasi tano ina silinda ya unene wa milimita 33 hivi, na uvimbe huo ndio unaoonekana chini ya shati la kitambaa chepesi. Bastola nyembamba ya milimita 9 inakaa kwenye unene wa milimita 25 hivi. Triga ya rivolva hiyo ni ndefu na nzito, kilo nne na nusu mpaka tano na nusu, na mtutu ni wa sentimita tano. Ukiona mtu anapiga kopo kwa mtutu huo mita kumi, ujue kafanya mazoezi mengi. Wengi wanakosa karatasi nzima. Silaha isiyokwama ikakosa ni ya kuaminika kwa nani?

Halafu kuna kujaza tena. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, Marekani, maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la huko, walikutana na majambazi wawili wenye silaha kali zaidi yao. Maofisa wawili waliuawa. Wengi wao walikuwa na rivolva. Mmoja alijeruhiwa mkono, damu ikaingia kwenye matundu ya silinda, akashindwa kujaza. Rivolva yake haikuharibika, iliishiwa tu, na mkono mmoja mzima haukutosha kuijaza upya. Tukio hilo ni moja ya sababu FBI walihamia bastola za magazini, na polisi wa New York nao walianza kuhama mwaka 1993. Najua wewe si polisi na hutegemei mapambano marefu, na sikutishi kwa mambo ya Marekani. Nakuonesha tu kwamba waliokaa na rivolva miaka mingi hawakuziacha kwa sababu ya kukwama.

Kuhusu makaratasi sisemi mengi, maana unayajua. Silaha haihami kwa makubaliano ya sebuleni. Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na leseni yako ni ya silaha hiyo uliyonayo. Hata kama mzee ni rafiki wa baba yako, anzeni polisi kabla pesa haijatoka mfukoni na kabla silaha haijatoka kwake. Ukiibeba kutoka Machame mpaka Moshi mjini "kwenda kuijaribu tu", huo ni umiliki bila leseni, hakuna kwenda kuijaribu.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nunua magazini mpya ya kiwandani, siyo ya kuiga. Tia alama kwa rangi ya kucha: hii A, hii B, ili ikikwama ujue ni ipi. Mpelekee fundi aangalie spiringi ya slaidi na kucha inayovuta ganda. Kisha nenda uwanjani na risasi zile zile unazotembea nazo, siyo za bei nafuu za mazoezi, upige magazini zote mbili mara kadhaa kwa kiwango ulichoruhusiwa, huku mwalimu anatazama mkono wako. Ikipita bila kukwama, umemaliza. Ikikwama ukiwa na magazini mpya na mkono uliokaza, iandike ilikwama vipi, ganda lilikuwa wapi, uniletee. Hapo tunaweza kuanza kuzungumza habari ya rivolva, na nitakuwa wa kwanza kukusindikiza kuitafuta.

Na risasi ulizonazo kiunoni sasa hivi zitoe uzitazame. Ile ya juu, inayoingizwa na kutolewa chemba kila jioni, kichwa chake huwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Ilinganishe na mwenzake kwa kuzisimamisha pamoja mezani. Ikiwa fupi, usiipige na usiirudishe kwenye boksi pamoja na nyingine. Risasi iliyofupika presha yake hupanda na inaweza kuvunja silaha. Waulize polisi wa silaha pale ulipokatia leseni utaratibu wa kuzisalimisha, upeleke na zozote zenye kutu ya kijani.